Kitabu cha Gharama cha Songo Songo

Leo nimeleta habari ya hesabu. Najua neno hesabu linawafanya watu wengi wanyanyuke kwenda kuangalia chungu jikoni, lakini nakuomba ukae. Habari yenyewe ni ya kwetu Kilwa, na inakuhusu hata kama hujawahi kushika daftari la mauzo maishani mwako.

Nianze na gesi. Gesi haiibwi kwa ndoo, wala haifungwi kwenye gunia ikavushwa Nangurukuru usiku. Inachimbwa Songo Songo, inasafishwa kisiwani palepale, inapita kwenye bomba chini ya bahari kilomita 25 hivi mpaka Somanga, halafu inashika nchi kavu zaidi ya kilomita 200 mpaka Ubungo, Dar es Salaam. Njia nzima ina mita za kuipima. Ndiyo maana mtu akiniambia gesi yetu inaibwa, namuuliza kwanza: imeibiwa wapi, bombani au daftarini? Bombani ni kazi ngumu sana. Daftarini mtu anahitaji kalamu tu, na siku hizi hata kalamu haihitajiki.

Gesi hii iligunduliwa mwaka 1974 na kampuni ya Agip ya Italia. Ikalala miaka 30. Mwaka 2001 ndipo serikali, kupitia Shirika la Maendeleo ya Petroli, yaani TPDC, ilipotiliana saini na kampuni ya PanAfrican Energy Tanzania mkataba wa kugawana mapato ya gesi, na mwaka 2004 gesi ikaanza kufika Dar es Salaam kuzalisha umeme. Mkataba ule una kurasa nyingi, lakini kiini chake wavuvi wa Kivinje na Masoko wanakijua vizuri kuliko mawakili wengi.

Mashua ikirudi na samaki wakauzwa, fedha hazigawanywi hapohapo. Kwanza tajiri, mwenye chombo, anatoa gharama zake: mafuta ya mashine, barafu, chakula cha safari, ushuru wa mnadani. Kinachobaki ndicho kinachogawanywa, chombo na nyavu vikapata fungu lao, wavuvi wakapata lao. Tuseme samaki wameuzwa shilingi laki nne, gharama ni laki moja. Zimebaki laki tatu za kugawana, na hakuna mwenye neno. Sasa tajiri akiingiza kwenye gharama karo ya mtoto wake na bati za nyumba ya mke mdogo, laki na nusu nyingine, fungu la kugawana linashuka mpaka laki na nusu. Samaki ni walewale, bei ya mnada ni ileile, mgao ni wa haki kama walivyokubaliana. Wavuvi wamepunjwa, na aliyewapunja hakugusa samaki hata mmoja.

Mkataba wa Songo Songo unakwenda hivyohivyo. Kampuni inaweka fedha za kuchimba na kuendesha visima, na gharama zote zinaandikwa kwenye kapu moja la hesabu. Gesi ikiuzwa, kampuni ina haki ya kujirudishia gharama hizo kwanza, mpaka asilimia 75 ya mapato halisi. Kinachobaki ndiyo faida. Faida hiyo kampuni inachukua kati ya asilimia 25 na 55, kutegemea kiasi cha gesi kinachouzwa, na TPDC inachukua iliyobaki. Kwa lugha ya sokoni, gesi ya shilingi 100 inaweza kutoa shilingi 75 za gharama, zikabaki 25 za kugombewa na wawili. Mwenye kuandika gharama ndiye mwenye kuamua ukubwa wa fungu linalobaki mezani.

Sisemi kanuni hiyo ni wizi. Hakuna mtu atakayezamisha mamilioni ya dola chini ya bahari bila kuahidiwa kurudishiwa. Ninachosema ni kwamba katika mkataba wa aina hii, uaminifu wote unahamia safu moja ya kitabu. Bei ya gesi inajulikana, kiasi kinapimwa kwa mita, asilimia za mgao zimeandikwa. Kinachobaki wazi ni gharama, na gharama inathibitishwa kwa risiti, mkataba mdogo wa huduma na maelezo ya mhasibu.

Hapo ndipo palipozuka moto mwaka 2011. Mwaka ule nchi ilikuwa kwenye mgao mkali wa umeme, na Bunge likawa na hasira na kila kinachoitwa nishati. Kamati ya Nishati na Madini, chini ya mwenyekiti wake January Makamba, ikachunguza mkataba wa Songo Songo, na mwezi Novemba taarifa yake ikasomwa Dodoma. Ilidai kuwa kampuni ilijirudishia dola za Marekani milioni 28.1 zisizostahili. Kwa upande wake TPDC, baada ya kukagua kapu la gharama la tangu mwaka 2002 hadi 2009, ilikataa gharama za dola milioni 34 hivi.

Kampuni ilikanusha. Ilisema gharama zile zilitumika kwa kazi ya Songo Songo na ni halali kwa mujibu wa mkataba. Lazima niliseme hilo kwa sauti ileile niliyosemea madai, maana kukataliwa kwa gharama na wakaguzi si hukumu ya mahakama. Na tuwe wa kweli: upande wetu nao haukuwa na mikono misafi. Shirika la umeme, Tanesco, lilikuwa likichukua gesi na kuchelewesha malipo, deni likapanda hadi makumi ya mamilioni ya dola. Vilevile si kweli, kama ilivyokuwa ikisemwa vijiweni, kwamba dola milioni 34 zote zilikuwa zetu zikapotea. Kama zingeondolewa kwenye gharama zingerudi kwenye faida, na faida inagawanywa. Fungu letu lingekuwa sehemu yake. Mtu anayekosoa hesabu za wenzake anapaswa kuwa na hesabu zilizonyooka mwenyewe.

Lakini kuna mambo mawili ya kisa kile ambayo mpaka leo yananikereketa. La kwanza ni muda. Ukaguzi unaorudi nyuma mpaka 2002 unamkuta nani ofisini? Aliyeidhinisha malipo ameshahama, risiti ya wino imefifia, mzabuni amefunga duka. Tajiri wa mashua akikaa miaka saba bila kuonyesha gharama, siku atakayozionyesha wavuvi hawatakuwa na la kuuliza. Ukaguzi wa kuchelewa unamlinda mkosaji, na unamchafua hata asiye na kosa, kwa sababu naye hawezi tena kuthibitisha usafi wake. Ukaguzi wa wakati haukuhitaji sheria mpya, ulihitaji watu wa kufungua mafaili kila mwaka.

La pili ni hili. Kampuni mama ya PanAfrican, inayoitwa Orca, hisa zake zimekuwa zikiuzwa kwenye soko la hisa nchini Kanada. Sheria za masoko ya hisa zinailazimisha kutoa taarifa kwa wenye hisa zake. Kwa hiyo mzozo ule wa dola milioni 34 umeandikwa mwaka baada ya mwaka kwenye ripoti zake, kwa tarakimu, na mtu aliyekaa Toronto na hisa zake mia mbili angeweza kuusoma akinywa chai. Mkazi wa Songo Songo, ambaye moto wa kiwanda unamulika kuta za nyumba yake usiku, hakuwa na karatasi yoyote. Mwezi Novemba 2014 hata Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali, ikiongozwa na Zitto Kabwe, iliomba mikataba 26 ya gesi na mafuta kutoka TPDC ikanyimwa, mpaka ikaagiza polisi wamkamate mwenyekiti wa bodi ya shirika na kaimu mkurugenzi wake. Fikiria, ndugu msikilizaji: mbunge anaita polisi ili asome mkataba wa nchi yake.

Watu hufikiri madhara ya hesabu chafu ni fedha zilizopungua. Fedha ni hasara ndogo. Hasara kubwa ni kwamba siku ukija na hesabu safi hakuna atakayeiamini. Mwezi Mei 2013, bajeti ya Wizara ya Nishati iliposomwa bungeni na bomba jipya la gesi la kutoka Mtwara likathibitishwa, Mtwara iliwaka. Watu walikufa, nyumba na ofisi zikachomwa, jeshi likaingia mitaani. Waziri wa wakati ule, Sospeter Muhongo, alikuwa na hoja zake na nyingine zilikuwa na mantiki. Zilifika kwenye masikio yaliyoziba zamani. Watu wa kusini walikuwa wameshaambiwa na wabunge wao wenyewe kwamba vitabu vya gesi ya Kilwa vina mashaka. Utawashikaje mkono uwaambie vya Mtwara vitakuwa safi?

Tuiache gesi kidogo, twende msituni, kwa sababu huko kuna mfano ulio wazi zaidi, na hauna kampuni ya Kanada ya kulaumu.

Daraja la Mkapa kwenye mto Rufiji lilifunguliwa Agosti 2003. Kabla yake gari la Kilwa lilikuwa linalala kwenye foleni ya pantoni Ndundu. Baada yake gari la magogo lilikuwa linafika Dar es Salaam kabla ya chakula cha jioni. Mninga, mkongo na mpingo wa Rufiji, Kilwa, Liwale na Nachingwea ukaanza kuondoka kwa kasi ambayo mzee yeyote wa barabara ile anaikumbuka. Mwaka 2007 shirika la TRAFFIC, linalofuatilia biashara ya wanyama na mimea pori, likatoa ripoti kuhusu biashara ile. Watafiti walifanya jambo rahisi ambalo mhasibu yeyote angelifanya: walichukua kitabu cha muuzaji na kitabu cha mnunuzi wakaviweka sambamba. China iliandika kwamba imepokea kutoka Tanzania mbao na magogo mara kumi ya yale ambayo Tanzania iliandika kwamba imeyatoa.

Mara kumi. Gogo haliongezeki baharini. Kwa makadirio yao taifa lilikuwa likipoteza dola milioni 58 kwa mwaka, na katika halmashauri za wilaya upotevu ulifika hadi asilimia 96 ya mapato yaliyostahili kukusanywa. Yaani kwenye shilingi 100 ya ushuru wa magogo, nne zinafika. Yalifanyika mengi, na kila moja lilikuwa na karatasi yake: ujazo ulioandikwa pungufu, mti wa bei kubwa ulioandikwa kwa jina la mti wa bei ndogo, kibali kimoja kilichosafirisha mizigo mitatu, nyundo ya misitu iliyogonga gogo lisilolipiwa. Lori halikupita porini kwa kujificha. Lilipita kizuizini, likasimama, dereva akaonyesha karatasi, karatasi ikagongwa mhuri.

Nimeutaja mfano huu kwa makusudi, kwa sababu tumezoea kusema uchafu wa hesabu ni mambo ya wakubwa na wageni. Asilimia 96 ile haikuliwa na mtu mmoja wa ng'ambo. Ililiwa na karani, mlinzi wa kizuizi, mfanyabiashara wa mjini, ofisa, na mwenyekiti wa kijiji aliyesaini baada ya kupewa nauli.

Lakini msitu uleule ulitoa jibu pia. Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi, hapahapa wilayani Kilwa, vilipata cheti cha kimataifa cha FSC kwa misitu yao ya kijiji, vya kwanza barani Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji. Cheti kile watu wanadhani ni cha kutunza miti. Kwa sehemu kubwa ni cha kutunza kumbukumbu. Kila mti unaokatwa unapimwa, unapewa namba, unaandikwa, na kisiki chake kinaweza kutafutwa na mkaguzi miezi baadaye. Bei inajulikana kijijini, fedha zinaingia akaunti ya kijiji, matumizi yanasomwa kwenye mkutano mkuu ambako mtu yeyote ana haki ya kunyanyuka na kuuliza. Naambiwa mikutano hiyo huwa mirefu na ya kelele. Vizuri. Mkutano wa mapato na matumizi usio na kelele mimi unanitia shaka.

Sasa sikiliza jambo la halmashauri, na hapa madiwani nao watege masikio. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 imekuwa ikiipa halmashauri ushuru wa huduma usiozidi asilimia 0.3 ya mauzo ya kampuni. Asilimia 0.3 ni kidogo. Kwenye mauzo ya shilingi bilioni moja ni shilingi milioni tatu. Lakini ushuru huu una sifa moja inayoupita mkataba wote wa gesi: unatozwa kwenye mauzo. Hauulizi gharama. Kampuni ikae hoteli ya nyota tano au ilale kwenye hema, ikodi helikopta au ipande mashua, ushuru uko palepale. Kwa hiyo mchezo wa gharama hauugusi. Kinachoweza kuugusa ni swali la mauzo yamefanyika wapi, kwenye kisima Kilwa au kwenye ofisi Dar es Salaam. Diwani asiyejua mauzo ya robo mwaka iliyopita hawezi kujua kama kilicholetwa ni chote. Na mauzo hayo nayo yamekuwa yakichapishwa Kanada.

Nije kwa wahasibu wenyewe, maana nimewazunguka muda mrefu. Wengi wanaonisikiliza wana kijana aliyesomea uhasibu, na tunaona fahari. Kijana huyu siku moja ataitwa na bosi wake, mlango ufungwe, aambiwe: hii vocha ingiza kwenye mradi. Haambiwi aibe. Anaambiwa ahamishe mstari mmoja. Hesabu itasawazika, upande wa kushoto utalingana na wa kulia, na mkaguzi anaweza asione kitu.

Kusawazika si usafi, na hakuna mahali panapojua hilo kama Kilwa. Vitabu vya forodha vya pwani hii kwa miaka mitano, 1862 hadi 1867, vinaonyesha watu 97,203 waliopitishwa Kilwa kama watumwa. 76,703 wakapelekwa Zanzibar na waliobaki kwingineko. Hata mkia wa tarakimu upo: watatu. Forodha wakati ule ilikodishwa kwa nyumba ya mfanyabiashara aliyemlipa Sultani kiasi maalumu kisha akajikusanyia, kwa hiyo alikuwa na kila sababu ya kuhesabu vizuri. Alihesabu vizuri. Ukimpa kitabu kile mkaguzi anayejumlisha tu, atakipa hati safi.

Kwa hiyo mhasibu anayeuliza tu kama hesabu imelingana hajaanza kazi. Swali la kazi yake ni kama kilichoandikwa kilitokea, na kama mwenye haki ya kujua amejulishwa. Benki Kuu yetu ililijua hilo kwa njia ya uchungu. Malipo ya akaunti ya madeni ya nje, ile EPA, ya mwaka wa fedha 2005/06 yalikuwa na karatasi. Wakaguzi wa Deloitte & Touche waliyatilia shaka. Ernst & Young walipopewa kuyachunguza wakakuta shilingi bilioni 133 zimelipwa isivyo halali kwa kampuni 22. Januari 2008 gavana, Daudi Ballali, akaondolewa. Nyaraka zilikuwepo mezani tangu mwanzo. Aliyekosekana ni mtu wa ndani wa kukataa kuzipitisha.

Na kukataa si rahisi, tusijifanye mashujaa kwa niaba ya watoto wa watu. Maadili ya uhasibu yanamfunga mtu kutunza siri za mwajiri, na bosi anayetaka kuficha atamkumbusha hilo kila asubuhi. Tangu mwaka 2015 ipo sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Ipo pia, ya mwaka huohuo, sheria ya uwazi katika madini, mafuta na gesi, inayotaka mikataba iwekwe wazi, na mamlaka ya PURA ikaundwa kusimamia uchimbaji na kukagua gharama. Kwenye karatasi tuna zana zaidi ya wazee wetu. Kijana wako akikupigia simu usiku akakuambia ameambiwa ahamishe mstari, usimwambie afumbe macho alinde mkate wake. Mwambie aandike barua, aweke nakala, na ajue nyumbani kuna sahani yake.

Leseni ya Songo Songo ilitolewa Oktoba 2001 kwa miaka 25, kwa hiyo inafika ukomo Oktoba 2026. Watu wa mjini watabishana nani achimbe baada ya hapo, kwa masharti gani, na kwenye mahakama ipi ya usuluhishi. Waacheni wabishane. Ninyi madiwani wa Kilwa, na ninyi wenyeviti wa vijiji kuanzia Somanga hadi Songo Songo, ombeni kitu kimoja kabla hamjaalikwa kwenye sherehe yoyote ya mkataba mpya: hesabu ya kufunga kitabu cha gharama cha miaka 25, kiasi kilichorudishwa, kilichokataliwa na kilichomalizwa kwa makubaliano, kwa Kiswahili, ibandikwe kwenye mbao za matangazo za kata. Iombeni kwa barua, barua igongwe mhuri wa kupokelewa, na mkinyimwa, tuleteeni nakala yake hapa redioni tuisome.